NYUMBA ZETU: KILICHO CHINI YA BATI

Mwalimu mmoja wa shule ametuletea swali, nasi twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote, maana nyumba zenye shida hiyo ni nyingi. Asema kwamba nyumba yake ni mpya, bati ni jipya, na fundi aliyeijenga ni mtu mwangalifu. Lakini kila alfajiri katika miezi ya baridi matone huanguka juu ya kitanda cha watoto, hata kama mvua haijanyesha kwa majuma matatu. Amekwisha kupanda juu mara mbili na kupaka lami juu ya kila msumari. Matone yangali yakianguka, na mtoto wa mwisho akohoa. Auliza, je, aliuziwa bati bovu? Na kama ni hivyo, anunue la geji gani?

Ndugu mwalimu, fedha yako ikae mfukoni kwanza. Bati lako halivuji, bali latoka jasho, na bati jipya la geji yo yote litatoka jasho vile vile. Geji ni unene tu, tena huhesabiwa kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Bati nene hudumu na kustahimili upepo, nasi twalisifu kwa hayo, lakini usiku nene na jembamba hupoa sawasawa.

Mambo yenyewe ni haya. Hewa tupumuayo ina maji ndani yake, ingawa hatuyaoni. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na kwa ngozi yapata robo lita ya maji usiku mmoja; basi katika nyumba yenye watu sita hupanda juu kama lita moja na nusu, mbali na mvuke wa chai na wa ugali wa jioni. Hewa yenye vuguvugu huyachukua maji hayo mpaka juu, na huko hukutana na bati. Nalo bati, usiku usio na mawingu, hupoteza joto lake angani upesi sana, hata huwa baridi kuliko hewa iliyo nje. Hapa kwetu Ololosokwan, katika nyanda za juu za Loliondo, usiku wa Juni na Julai twaujua ulivyo. Mvuke ugusapo kitu baridi hugeuka kuwa maji, kama umande juu ya majani. Na umande ulio upande wa chini wa bati hauna pa kwenda ila juu ya kitanda.

Mtu aweza kujua bila kupanda juu kama ni jasho au ni tundu. Tundu hudondosha mahali pamoja, na huanza mvua inapoanza. Jasho huonekana alfajiri, nalo limetapakaa juu ya bati zima. Ukipitisha kitambaa kikavu kitaloa kote kote, na jua likichomoza matone huongezeka kidogo kisha hukoma. Ukiona hivyo, usiiharibu lami yako.

Bati halikubuniwa kwa ajili ya watu waliolala. Mwingereza Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, alipata hati ya kulimiliki shauri hilo la bati la mawimbi mwaka 1829, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunika mabanda ya mizigo bandarini. Mwaka 1837 huko Ufaransa ikapatikana njia ya kulipaka chuma zinki ili kisile kutu, na tangu hapo bati limeizunguka dunia. Pipa halipumui wala halipiki uji. Kwa hiyo bati tupu lalitosha. Sisi twalaza watoto mahali palipopangwa mapipa, kisha twashangaa.

Sasa tutazameni nyumba ambayo mabibi zetu wameijenga tangu zamani, ile tuiitayo enkaji. Wako vijana wanaoiona kuwa ni nyumba ya aibu. Lakini paa lake si kitu kimoja. Kwanza kuna miti iliyochimbiwa na kupindwa, halafu fito zilizosukwa, halafu majani na nyasi, na juu yake samadi ya ng'ombe iliyokandwa pamoja na udongo. Kila tabaka lina kazi yake: fito hushika, nyasi huzuia baridi, samadi huzuia upepo na mvua. Usiku wa Julai enkaji ni vuguvugu na kavu, kwa sababu hakuna chuma baridi ambacho mvuke waweza kukigusa. Ubaya wake twaujua pia. Ni yenye giza na moshi. Na mvua kubwa ikinyesha usiku, mama mwenye nyumba hutoka nje gizani, mtoto mgongoni, kwenda kuziba nyufa kwa samadi mbichi huku wengine wamelala. Mtu asimlaumu mama anayetamani bati. Miaka hii tumeona tena kwamba akina mama wengi hutandaza nailoni kati ya nyasi na samadi, nao hawakufundishwa na fundi ye yote. Wao wenyewe walitambua kwamba palihitajiwa kitu cha kupokea maji yaliyopenya juu na kuyapeleka nje ya ukuta. Hicho ndicho wajenzi wa Ulaya na Marekani wakitafutacho madukani kwa fedha nyingi, yaani tandiko la chini ya paa.

Basi tunapohamia nyumba ya bati twayatupa matabaka yote, twabakiza moja tu. Twasema tumeendelea. Kwa kweli tumejenga robo ya paa la bibi zetu, kwa bei kubwa kuliko yote.

Huko Unguja, nyumba nyingi za mawe za Mji Mkongwe zilijengwa kwanza kwa paa bapa la boriti za mikoko, mawe na chokaa; baadaye, kwa ajili ya mvua, zikafunikwa bati juu. Mtu alalaye chini ya paa la namna hiyo hata hajui kama kuna bati, kwa sababu kati yake na chuma kuna unene wa mawe na hewa. Hatusemi tubebe mawe juu ya kenchi zetu. Twasema tu kwamba bati hufaa sana likiwa kofia, bali halifai likiwa kofia na blanketi pamoja.

Tuingie dukani. Vitu vyetu vyatoka Arusha kwa lori, kwa njia ya Mto wa Mbu na Ngaresero, na mwenye duka husifu kile alicho nacho. Yafaa kujua mwenyewe.

Cha kwanza ni nailoni nene. Ni rahisi, ni nyepesi, nayo haipitishi tone hata moja. Hutandikwa juu ya kenchi kabla ya mbao za kupigilia bati, ikilegea kidogo kati ya kenchi na kenchi ili maji yapate njia ya kuteremka. Mafundi wengi huivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma, nayo ni makosa, kwa kuwa maji hukwama juu ya kila ubao na kuuozesha. Hutandazwa kuanzia chini kwenda juu, kipande cha juu kikilala juu ya cha chini kwa upana wa sentimita 15 au zaidi, na paa lenye mwinamo mdogo lahitaji zaidi. Ncha ya chini ipite ukuta na kufika kwenye mfereji. Tumeona nyumba ambayo nailoni ilikatwa ndani ya ukuta kwa kubana matumizi. Jasho lote la bati liliteremka vizuri, likaingia katika tofali. Nailoni ina adui wawili: jua, ambalo huiharibu po pote lipoifikia, na moto, ambao tutausema baadaye.

Cha pili ni karatasi ya lami. Ni nene na nzito, nayo hustahimili misumari kuliko nailoni. Chini ya vigae ni njema sana. Vigae vya udongo vya miji ya pwani vilitoka zamani Mangalore, Bara Hindi, ambako misioni ya Basel ilianzisha kiwanda chake mwaka 1865. Hukaa juu ya mbao nyembamba, na upepo mkali husukuma mvua kati ya kigae na kigae, hata tandiko lililo chini huwa ndilo paa la pili. Lakini chini ya bati karatasi hiyo hupata taabu. Bati lililochakaa, likipigwa na jua la mchana, laweza kupita digrii 60 za joto, na lami hukauka, karatasi ikawa ngumu na kupasuka. Nasi twaona kwamba mtu wa Ololosokwan mwenye bati hana haja ya kuilipia nauli ya lori.

Kisha kuna karatasi ya fedha, ile ing'aayo kama kioo. Wauzaji huisifu mno, nao hawasemi uongo, ila husahau kueleza sharti lake. Hufanya kazi kwa kurudisha joto lililorushwa na bati, na kwa hiyo yahitaji nafasi ya hewa mbele yake, kama upana wa vidole viwili. Ikigandamizwa ikagusa bati, joto hupita humo kama maji katika kitambaa, na ununuzi wako ni bure. Ikifunikwa na masizi au vumbi hupoteza nguvu. Kwa shule na zahanati, ambako watu hukaa mchana chini ya paa na hakuna meko, twaisifu kwa moyo wote. Kwa nyumba ya moshi, hapana.

Mbao za dari ni nzuri kwa macho, nazo huzuia kelele ya mvua, hata mwalimu aweza kusikiwa darasani. Ila mchwa huzila kama si mtarakwa, ule ambao wazee huuita oltarakuai. Na mtarakwa haukatwi ovyo tena, wala hatupendi ukatwe kwa ajili ya dari. Jipsamu, ambayo sasa ni fahari ya miji, ni dari ya mapambo tu: ikidondokewa na jasho la bati hufanya madoa, hulainika, mwisho huanguka. Anayetaka jipsamu na aweke kwanza tandiko juu yake.

Nyasi na matete twavipenda, maana huzuia baridi na makelele kuliko vyote tulivyovitaja. Uganda na Kongo ya mashariki watu wengi hutengeneza dari ya mikeka ya matete au mianzi chini ya bati, na nyumba huwa tulivu. Jumba kuu la makaburi ya Makabaka huko Kasubi, Kampala, lilikuwa na pete 52 za matete yaliyofungwa chini ya nyasi zake, kwa hesabu ya koo za Buganda, na kila aliyeingia alitazama juu kwa mshangao. Liliungua tarehe 16 Machi 2010. Moto ndio sababu ya kuwaambia wenye meko ndani ya nyumba wasitumie nyasi, tena kuna panya, na nyoka amfuataye panya.

Neno moja kuhusu asbesto, kwa sababu bado iko juu ya majengo kadha wa kadha ya zamani. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu na magonjwa mengine ya kifua, miaka mingi baada ya mtu kulivuta. Mtu akikupa vipande vilivyobomolewa mahali ili ufanye dari, ukatae. Usivisage, usivikate kwa msumeno, na watoto wasivichezee.

Tumekiacha nyuma kitu ambacho wengine watatucheka kukitaja, nacho ni viroba vya sandarusi. Viroba vitupu vya sukari na unga vipo katika kila nyumba. Hufumuliwa, huoshwa, hushonwa pamoja maradufu kwa uzi wa nailoni, kisha huwambwa chini ya kenchi kwa kufuata mwinamo wa paa, ili tone likianguka liteleze mpaka ukutani badala ya kukaa katikati na kufanya tumbo. Sandarusi hupitisha mvuke kidogo, kwa hiyo mbao hazifungiwi katika unyevu. Tena yazuia ule ubaridi unaoshuka kutoka kwenye bati. Kazi hii ni ya sindano, na akina mama wajuao kushona shanga kwa mistari iliyonyoka hawatashindwa na viroba. Zaidi, hufunguliwa na kukunjwa. Agosti mwaka 2017 maboma yalichomwa katika vijiji vya Loliondo vipakanavyo na hifadhi ya Serengeti, na Ololosokwan kilikuwa kimojawapo. Mtu akituambia kwamba tangu hapo apenda vitu viwezavyo kufunguliwa na kuchukuliwa, twamwelewa, wala hatutamwambia ni mtu asiyeendelea.

Mkituuliza basi shauri letu, ni hili: nailoni juu ya kenchi, bati juu yake likitengwa nayo kwa mbao, na sandarusi chini ya kenchi. Hayo ni matabaka matatu, karibu sawa na ya enkaji. Tena, na hapa wengi hukosea, iachwe njia ya hewa kati ya nailoni na bati, ianzie kwenye upenu na kutokea chini ya kofia ya paa. Mama akisikia upepo hukimbilia kuziba kwa matambara, na ana haki, kwa kuwa katika nyumba isiyo na tandiko upepo ule huwaangukia watoto. Lakini kukiwa na tandiko, upepo hupita juu yake, hulikausha bati upande wa chini, na chumba hakina habari. Chumba nacho kiwe na tundu lake dogo karibu na dari, lenye wavu, ili pumzi za watu zitoke kabla hazijawa maji.

Tundu hilo lina sababu kubwa kuliko jasho. Nyumba iliyopata tandiko na dari hushika joto vizuri, na kwa kuwa hushika joto, hushika na hewa mbaya. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa baridi, milango ikafungwa, hewa yake isiyo na rangi wala harufu huua watu wakiwa usingizini, wala hawapati hata nafasi ya kukohoa. Katika enkaji na katika nyumba ya bati tupu mianya ilikuwa mingi, na mianya ile ilituokoa bila sisi kujua. Kwa hiyo anayeweka tandiko na atoe jiko. Meko yawe katika nyumba ya pembeni, na huko juu pasiwe na nailoni wala sandarusi, maana sandarusi huyeyuka kwenye joto la digrii kama 160 na nailoni chini ya hapo, nayo huanguka matone yanayowaka. Jikoni bati tupu latosha, na likitoka jasho, litoke.

Neno la kuwaambia wanaojenga sasa: tandiko huwekwa kabla ya bati. Jambo hili laonekana dogo, lakini nyumba nyingi zimekosa kwa sababu yake. Baba huuza ng'ombe, hununua bati kwanza kwa kuwa bati ndilo litakaloonekana na majirani, naye husema, “Mengine baadaye.” Dari yaweza kungoja baadaye, tandiko haliwezi, ila kwa kulifunua paa lote. Fedha ikiwa haba, afadhali kujenga chumba kimoja kidogo kilichokamilika kuliko vitatu vya bati tupu. Tena mama mwenye nyumba aitwe wakati wa kupatana na fundi. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa paa siku zote, hajui geji, lakini ajua maji hupita wapi.

Na wewe, mwalimu uliyeuliza, ambaye bati lako limekwisha kupigiliwa? Majuma haya shona viroba, watoto wapate kulala. Halafu ngojea kiangazi, baada ya masika kwisha, uchague siku isiyo na upepo. Andika nambari kwa chaki juu ya kila bati kabla ya kulitoa, ili kila moja lirudi mahali pake na matundu yaangukie mbao zile zile. Fanya upande mmoja wa paa na kuumaliza kabla ya kufunua wa pili. Misumari ya zamani usiirudishe, maana mpira wake umekwisha kubanwa mara moja; tumia skurubu zenye mpira mpya na mpana, zifunike tundu la zamani lote.